Mjusi wa Tendaguru alifikaje huko

Lindi

Mwanangu,

Marahaba. Picha zenu za Jumapili mlipokwenda makumbusho ya Berlin nimezipata. Mama yako hachoki kumtazama mjukuu wetu alivyosimama chini ya mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, kadogo kama kifaranga. Unasema alikuuliza, "Huyu katoka kwa babu? Sasa alifikaje huku?" ukakosa la kumjibu, na unataka kujua kwa nini sikuwahi kuwasimulia.

Alifika vichwani na mabegani mwa watu wa huku. Mwambie hilo kwanza, mengine baadaye.

Mwaka 1906 injinia wa madini, Mjerumani Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa imetokeza ardhini pale Tendaguru, kilima cha huku kwetu Lindi. Mwaka 1909 wakaja Werner Janensch na Edwin Hennig, na uchimbaji ukaendelea hadi 1913. Lakini walioshika majembe walikuwa wenyeji, mamia kwa mamia, na msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani. Hilo jina mjukuu wangu alijue kwa moyo. Mifupa ilifungwa kwa mianzi isivunjike, kisha ikabebwa kwa miguu, siku 4 njiani, mpaka bandarini hapa Lindi. Reli hapakuwa, na punda au ng'ombe wasingestahimili mbung'o. Zaidi ya tani 200, mwanangu! Kila nikipita bandarini nawaza zile shingo.

Na walikuwa watu waliotoka katika nini? Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907 tu. Mashamba na maghala yalichomwa, njaa ikaua kuliko risasi. Kwa hiyo mtu akikwambia walipata kazi na ujira, usimbishie, ila mwulize mtu aliyetoka kwenye njaa ile angekataa vipi.

Mimi nilinyamaza kwa sababu kwetu enzi ya Mjerumani ilisimuliwa kwa vita na njaa. Mjusi tulimsikia shuleni, sentensi mbili, mwalimu akafuta ubao. Nikadhani ni habari ya wasomi. Nilikosea, na wewe umekwenda kukutana na urithi wako ukiwa mgeni. Nisamehe.

Mkirudi tena, msomeeni kibao. Mjusi mwenyewe anaitwa Giraffatitan brancai. Hilo brancai ni heshima kwa Wilhelm von Branca, mkuu wa makumbusho ya huko wakati ule. Boheti alingoja mpaka 2007, ndipo mjusi mwingine wa Tendaguru akapewa jina la Australodocus bohetii. Nilipolijua hilo nilifurahi, kisha nikakaa kimya muda mrefu. Karibu miaka 100!

Umeniuliza pia kama ningependa mijusi hao warudishwe. Ningependa. Nyumba ya kuwatunza ijengwe kwanza, na watoto wa Lindi waingie bure.

Njooni Julai, mvua zikiwa zimekwisha na njia inapitika. Nitawapeleka Tendaguru. Ni kilima cha kawaida tu, msitegemee makubwa kwa macho. Tutatembea kipande kwa miguu kuelekea pwani, na mtoto abebe chochote kichwani, hata kuni mbili. Mama yako ameshaanza kumsokotea ngata.

Baba yako