Ombi linasema "nimepanga upya tu": je, nilipokee?

Swali. Mtaalamu, salamu kutoka Kampemba, Lubumbashi. Nina mradi wa programu huria, umeandikwa kwa Python, unasaidia butiki na depo kuandika mauzo kwa franka na kwa dola. Karibu msimbo wote umo katika faili moja, `mauzo.py`, mistari 2,300. Wiki iliyopita kijana nisiyemfahamu ameleta ombi la kuunganisha (pull request), yaani anaomba mabadiliko yake yaingie kwenye mradi wangu. Faili hiyo ameikata vipande saba, funksheni amezipa majina mapya, na jumla amegusa faili 41. Ameandika: "Nimepanga upya tu, tabia ya programu haijabadilika, majaribio yote yanapita." Msimbo wake ni msafi kuliko wangu, sikatai, ila moyo hautulii. Ziko sehemu mbili nimeshindwa kuzikubali wala kuzikataa, ya kukadiria franka kwenye mia na ya saa, nimeziambatanisha. Nipitie vipi mzigo huu? Na mega zangu za intaneti ni za kuhesabu.

Jibu. Kaka, moyo wako una haki ya kutotulia, na sehemu ulizozichagua ndizo hasa zenye matatizo. Mtu akisema amepanga upya tu, ametoa dai moja: kilichokuwa kikiingia na kutoa jibu fulani kitaendelea kutoa jibu lile lile. Dai la namna hiyo hupimwa kwa kuendesha programu kwanza. Kusoma kunafuata. Ukianza kwa kusoma, usafi wa msimbo utakulewesha na utapitisha mambo.

Kuhusu mega, huna haja ya kupakua mradi mara ya pili. Kama uko GitHub, na namba ya ombi tuseme ni 112:

```
git fetch origin pull/112/head:pitio-112
git worktree add ../pitio pitio-112
```

Amri ya kwanza inaleta tofauti peke yake. Ya pili inafungua folda nyingine kando ya ile yako, zote mbili zikila kwenye hazina moja ya git. Sasa una msimbo wa zamani mkono wa kushoto na mpya mkono wa kulia, na kuanzia hapo hata umeme wa modemu ukikatika, kazi inaendelea.

Tuje kwenye "majaribio yote yanapita". Yapi? Ukivunja nyumba halafu ukabadilisha na futi ya kupimia, vipimo havitakosa kulingana. Angalia kama amegusa majibu yanayotarajiwa:

```
git diff main...pitio-112 -- tests | grep '^[-+].*assert'
```

Nukta ziwe tatu. Zikiwa mbili, mabadiliko uliyoyaingiza kwenye `main`, tawi lako kuu, baada ya yeye kuchepuka yataonekana kana kwamba ameyafuta, na utamlaumu bure. Kila mstari wa `assert` uliobadilika namba, na si jina tu, unahitaji maelezo yake. Kisha ingia `../pitio`, rudisha majaribio yako ya zamani na uyaendeshe juu ya msimbo wake:

```
git checkout main -- tests
python -m pytest -q
```

Mengi yataanguka kwa `ImportError` kwa kuwa majina yamehama. Usiyapuuze. Kila jina lililokosekana hapo ni programu ya mtu mwingine itakayokufa siku atakaposasisha maktaba yako. Yaandike pembeni, tutayarudia. Ukimaliza, `git reset --hard` ndani ya folda hiyo hiyo inarudisha kila kitu alivyoleta yeye.

Kuna jaribio moja baya zaidi ya linaloanguka: linalopita bila kupima chochote. Naona majaribio yako yanaziba kiwango cha dola hivi: `@patch("duka.mauzo.kiwango_cha_leo")`. Yeye amehamishia `kiwango_cha_leo` na `bei_kwa_franka` katika `duka/fedha.py`, halafu kwa wema akaliacha jina la zamani ndani ya `mauzo.py` kwa `from duka.fedha import kiwango_cha_leo`. Kwa hiyo `patch` inalikuta jina, inaliziba, haigombi. Lakini `bei_kwa_franka` sasa inatafuta jina hilo kwenye `duka.fedha`, ambako hakuna kilichozibwa, na inakwenda kusoma kiwango halisi. Kiwango hicho kikiwa sawa na ulichoandika kwenye jaribio, utaona kijani na kushukuru. Kila `patch` ielekezwe mahali jina linapotumika baada ya kuhama. Tafuta `patch(` kwenye folda nzima ya `tests`, uzipitie moja moja.

Sasa kukadiria. Msimbo wako:

```
def kadiria_mia(x):
    return int(x / 100 + 0.5) * 100
```

Wake:

```
def kadiria_mia(x):
    return round(x / 100) * 100
```

Kwa macho ni kitu kimoja, tena wake unasomeka vizuri zaidi. Mpe kila mmoja 1350: yote miwili inatoa 1400. Mpe 1250: wako unatoa 1300, wake 1200. Sababu ni kwamba `round` ya Python 3, ikikuta nusu kamili, huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, 12.5 inakuwa 12, 13.5 inakuwa 14. Kwa hiyo 250, 450, 650, 850 zote zinashuka, huku 150, 350 na 550 zikipanda kama zamani. Jaribio lililopo linatumia 1350, ndiyo maana limepita. Mwenye depo anayeuza vitu vya 250 kutwa nzima ataona sanduku halilingani na daftari, na hatajua aulize wapi.

Hapo kuna kingine. Jaribu namba hasi, yaani mteja amerudisha kitu. Kwa −270 msimbo wako unatoa −200, kwa sababu `int` hukata kuelekea sifuri: −2.7 ukiongeza 0.5 ni −2.2, ikikatwa ni −2. Wake unatoa −300, ambayo ndiyo sahihi. Umeuza kwa 300, unarudisha 300. Yaani bila kujua amekutibu hitilafu ya miaka. Hata hivyo usiipokee ndani ya ombi hili. Kuna watu wameshafunga hesabu za mwezi kwa namba za zamani, na wana haki ya kuambiwa kwenye orodha ya mabadiliko kwamba kuanzia toleo fulani marejesho yanahesabiwa vingine. Marekebisho ya kweli yaje peke yake, na jaribio lake, na jina lake.

Tofauti za aina hii usizitafute kwa kukisia. Andika faili ndogo, `pima.py`, nje ya folda zote mbili:

```
import json, sys, duka
from duka.mauzo import kadiria_mia
print(duka.__file__, file=sys.stderr)
print(json.dumps({k: kadiria_mia(k)
      for k in range(-5000, 5001, 10)}, indent=0))
```

Iendeshe kwenye folda ya zamani kwa `PYTHONPATH=. python ~/pima.py > ~/zamani.json`, kisha ndani ya `../pitio` ukipeleka kwenye `~/mpya.json` (kama jina limebadilika, rekebisha mstari wa pili), halafu `diff ~/zamani.json ~/mpya.json`. Mstari wa `duka.__file__` usiutoe. Kama uliwahi kusakinisha mradi wako kwa `pip install -e .`, Python inaweza kuendelea kuleta msimbo wa folda ya zamani hata ukiwa umesimama kwenye mpya. Utalinganisha zamani na zamani, `diff` itanyamaza, nawe utaenda kulala ukidhani kazi imeisha. Njia iliyochapishwa ndiyo itakuambia nani amejibu.

Fanya vivyo hivyo kwa kila funksheni inayotoa pesa, stoku au tarehe. Zinazopamba risiti zinaweza kusubiri.

Saa. Ulikuwa na `datetime.now()` sehemu nyingi; yeye amezikusanya zote katika `saa.py` na kuweka `ZoneInfo("Africa/Kinshasa")`. Kuzikusanya ni wazo zuri. Eneo alilolichagua ndilo kosa, maana nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko UTC+1, Lubumbashi na upande wote wa mashariki UTC+2. Mauzo ya saa sita na dakika 20 usiku wa tarehe 1 Machi hapa kwetu yataandikwa 28 Februari, 23:20. Ni saa moja tu kwa siku, majaribio yanayoendeshwa mchana hayaioni, ila ripoti ya mwisho wa mwezi inaiona. Eneo liwe chaguo la butiki kwenye mipangilio, na kama hakuna kilichowekwa, ibaki saa ya mashine kama zamani.

Kuna mengine mawili kwenye faili hiyo hiyo. Tarehe zako za zamani zimehifadhiwa bila eneo la saa. Ukizipanga pamoja na mpya zenye eneo, Python itakataa kwa `TypeError`. Na kwenye Windows, `zoneinfo` haikuti orodha ya maeneo ndani ya mfumo, inahitaji kifurushi cha `tzdata`. Sijakiona kwenye `pyproject.toml` yake, faili inayotaja vifurushi vinavyohitajika. Kwenye Linux yake kila kitu kilienda, butiki yenye Windows itaanguka siku ya kwanza.

Baada ya hayo ndipo usome. Mistari iliyohama bila kuguswa usiitazame kama mipya:

```
git diff --color-moved=dimmed-zebra main...pitio-112
```

Iliyohama inafifia, iliyobadilika inabaki inang'aa, na mzigo wa mistari elfu kadhaa unaweza kukuachia mia chache za kusoma kweli. Watu wengi hapo huongeza `-w` ili nafasi tupu zisiwasumbue. Kwenye Python usithubutu: `return` iliyosogezwa nafasi nne kulia imeingia ndani ya kitanzi, sasa inarudisha kitu cha kwanza badala ya jumla yote, na `-w` itakuambia hakuna kilichobadilika.

Yale majina uliyoyaandika pembeni: yasifutwe sasa. Katika `mauzo.py` ibaki funksheni fupi yenye jina la zamani, inaita mpya, ikitanguliwa na `warnings.warn("tumia fedha.bei_kwa_franka", DeprecationWarning, stacklevel=2)`. Ile 2 inafanya onyo lionyeshe mstari wa aliyeita, si wa kwako. Klasi nazo, kama kuna anayehifadhi vikapu kwa `pickle`: faili la pickle hubeba njia ya moduli na jina la klasi, hivyo klasi ikihama bila jina lake la zamani kubaki, vikapu vya jana havifunguki.

Kwa kijana mwenyewe, usimrudishie neno "kubwa mno" ukamwacha hapo. Amefanya kazi ya bure, tena nyingi. Mimi ningemwandikia hivi:

"Ndugu, asante sana, mgawanyo wa faili ni mzuri na ninautaka. Ninaomba tuulete kwa maombi manne. La kwanza ni majaribio tu, yaliyoandikwa juu ya msimbo wa sasa, pamoja na 250, 1250 na −270 kwa majibu yanayotoka leo, hata yale tunayojua ni mabaya. La pili ni kuhamisha peke yake, hakuna mstari unaobadilika isipokuwa `import` na njia za `patch`. La tatu majina mapya, ya zamani yakiendelea kufanya kazi. La nne ni mabadiliko yenyewe, kukadiria na saa, kila moja na komiti yake. La kwanza likija nitalipitia siku hiyo hiyo."

Hiyo ahadi ya mwisho iandike kama unaweza kuitimiza tu. Ombi la kupanga upya likikaa wiki tatu, kila unachoingiza kwenye `main` kinagongana nalo, na yeye ndiye anayelipa. Mpaka la pili liingie, usiiguse `mauzo.py`.

Vipande vikija, pima kila komiti, yaani kila badiliko lililohifadhiwa kwenye git, na si ya mwisho peke yake, ndani ya folda ya pitio:

```
git rebase -x "python -m pytest -q" main
```

Itasimama kwenye komiti ya kwanza inayovunja kitu. Usipofanya hivyo, siku utakapotafuta hitilafu kwa `git bisect` utakuwa unaangukia komiti zisizoendeshwa kabisa.

Na ukishaunganisha lile la kuhamisha, iko siku utataka kujua nani aliandika mstari fulani, kazi ya `git blame`. Komiti ya kuhamisha usiiweke kwenye `.git-blame-ignore-revs`, orodha ya komiti ambazo `git blame` huambiwa izirukie; faili hiyo ni ya komiti za kupanga nafasi na mistari tu. Kwa mistari iliyohama faili, tumia `git blame -C -C duka/fedha.py`, nayo itakufikisha kwa aliyeiandika mwanzo ndani ya `mauzo.py`, ambaye mara nyingi utakuta ni wewe.