Sanduku la Maswali: Vita vya Mbali na Dumu la Petroli

SWALI: Muuza petroli gatini Amu amezidisha shilingi 400 kwa dumu la lita 20. Ukimuuliza, akwambia ni vita vya Bahari ya Shamu. Ni kweli?
Nahodha wa boti ya abiria, Matondoni

JIBU: Nahodha, tuanze na njia ya meli. Petroli ya Kenya hununuliwa ikiwa imeshasafishwa, na tangu 2023 mikataba mikubwa ni ya Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, kampuni za mafuta za Saudia na Imarati. Sehemu kubwa hupakiwa Ghuba, ikatoka Mlango wa Hormuz na kushuka moja kwa moja hadi Mombasa. Ndiyo njia ya majahazi ya kaskazi. Bab el-Mandeb, mlango wa kuingilia Bahari ya Shamu, inabaki mbali upande wa kulia, haiguswi. Mashambulizi ya Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, yaliyoanza Novemba 2023 yalizifanya meli za Ulaya na Asia zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Ngano ya Urusi na Ukraine ndiyo inayopita Suez na Bahari ya Shamu kuja kwetu, kwa hiyo muuza unga angekuwa na hoja zaidi kuliko huyo wa petroli.

Vita huifikia petroli kwa mlango mwingine, nao ni bei ya dunia. Mapipa yakipanda popote, shehena ya Ghuba hupanda nayo, na bima ya meli pia. Lakini hilo lina ucheleweshaji wake. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, hutangaza bei za juu kabisa za kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata, na hesabu yake hutokana na shehena zilizokwisha kushushwa Mombasa. Vita vilivyozuka Jumatatu haviwezi kupandisha petroli iliyo ndani ya dumu Jumanne. Hormuz ikifungwa, hapo hadithi nyingine: tatizo litakuwa kupata mafuta yenyewe kabla ya kuuliza bei.

Ukitaka kujua kilichopandisha kwa hakika, tazama kodi, ambazo hazihitaji kombora hata moja. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 tozo ya barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita: shilingi 7, yaani 140 kwa dumu lako. Shilingi nayo imo, maana bei ya mafuta ni ya dola. Ile mikataba ya Ghuba ya 2023, ya kununua kwa mkopo wa siku 180, ilielezwa kuwa utaiokoa shilingi kwa kupunguza haraka ya kutafuta dola. Hata hivyo Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Iliyoishusha ni serikali kukopa nje dola bilioni 1.5 mwezi uliofuata, ili ilipe sehemu kubwa ya deni la bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Deni moja likalipa jingine, na riba ya jipya ni asilimia 9.75 badala ya 6.875.

Sasa dumu. Bei ya EPRA ni ya pampu ya kituo chenye leseni. Tafuta Lamu katika orodha yao ya miji, zidisha kwa 20, kisha toa katika pesa uliyolipa. Kinachobaki ni nauli ya Mokowe hadi gatini na faida ya muuzaji. Shilingi 400 ni 20 kwa lita. Ikiwa bei ya EPRA mwezi huo haikusogea, vita havimo. Pima pia ujazo: miminia kwenye chombo chenye alama unachokiamini, maana lita moja ikikosekana ni hasara ya asilimia 5 juu ya yote hayo.

SWALI: Nashauriwa niweke akiba katika hati fungani za serikali, kwamba serikali haiwezi kukosa kulipa. Niamini?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Mwalimu, hati fungani ni mkopo unaoipa serikali, kwa hiyo neno "haiwezi" liache. Ghana ilibadilisha masharti ya hati zake za ndani kuanzia Desemba 2022: muda ukarefushwa, riba ikapunguzwa, na wenye hati wakabaki na karatasi. Kenya haijafanya hivyo, lakini aliyekuuzia hilo neno hakukwambia kuwa jambo lenyewe lipo.

Faida ni ya kweli. Hati ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa asilimia 18.46 bila kodi: kwa 50,000 wapata 9,230 kwa mwaka, nusu kila miezi 6. Waweza kufungua akaunti mwenyewe kupitia DhowCSD ya Benki Kuu (jina la jahazi, ingawa halina tanga) kwa kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki, bila kumlipa dalali.

Wengi huumia wanapotaka kutoka mapema. Riba mpya zikipanda, hati ya zamani hushuka thamani. Hati ya miaka 10 yenye asilimia 12, soko likidai 16, yako ya 50,000 itauzwa kama 40,200. Benki Kuu nayo huinunua kama njia ya mwisho, kwa adhabu: huikadiria bei kwa riba iliyozidi ile ya soko kwa pointi 3 za asilimia, kwa hiyo wapata kidogo zaidi. Karo ya mwakani usiiweke humo. Suala la riba kisheria, waulize masheikh.

SWALI: Kundi la simu lasema vita ni msimu wa kutajirika kwa foreksi. Nina 10,000.
Kijana wa bodaboda, Malindi

JIBU: Foreksi ni kubashiri bei za fedha za kigeni, mara nyingi kwa mkopo wa dalali. Kwa mkopo wa mara 100, 10,000 zako zashika milioni 1. Bei ikienda kinyume asilimia 1, zimekwisha. Usiku wa vita bei huruka bila kupita katikati, kwa hiyo amri ya kusitisha hasara hutekelezwa mbali na ulipoiweka. Na mwenye kundi mara nyingi hulipwa na dalali kwa kila biashara ufanyayo, ushinde usishinde. Jina la dalali huyo litafute katika orodha ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Lisipokuwamo, pesa usitume.