Volti za Kikuza Sauti cha Gitaa: Anza na Valvu, si na Transfoma

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni fundi redio hapa Mwanga, Kigoma. Kwaya yetu imeniomba niitengenezee kikuza sauti cha gitaa cha valvu. Ninazo valvu (zile taa za kioo za kukuza mawimbi) mbili za EL84 za kusukuma spika, mbili za ECC83 za kukuza sauti mwanzoni, na transfoma niliyoitoa kwenye mtambo wa zamani, iliyoandikwa 220 upande wa kuingilia, na 300-0-300 (yaani volti 300 kila upande wa waya wa katikati) pamoja na 6.3 upande wa kutokea. Je, nikipitisha umeme wake kwenye dayodi nitapata zile volti 300 ambazo EL84 inazihitaji? Umeme wa hapa nimeupima: saa mbili usiku ni volti 212, na alfajiri hufika 241.

JIBU: Marahaba, ndugu fundi. Nakusihi usiiwashe transfoma hiyo ikiwa na EL84, kwa sababu hutapata volti 300. Namba iliyoandikwa kwenye transfoma ni ya mkondo geu, ilhali kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) ya kwanza baada ya dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, hujaa hadi kilele cha wimbi, ambacho ni namba hiyo mara 1.414. Hivyo 300 inakuwa 424. Tena transfoma yako imesukwa kwa volti 220. Alfajiri, umeme unapofika 241, hizo 424 hupanda hadi kama 465. Valvu zikiwa bado baridi hazivuti mkondo wowote, kwa hiyo hakuna cha kuzishusha volti hizo, na kapasita iliyoandikwa 450 itakuwa imeshavuka kikomo chake kabla gitaa halijapigwa hata noti moja.

Hesabu huanzia kwenye valvu na kurudi nyuma hadi kwenye soketi ya ukutani. Kikomo cha anodi ya EL84, yaani bamba la ndani linalopokea volti kubwa, ni volti 300. Wapo mafundi wengi wanaokivuka, na valvu huvumilia kwa muda, lakini kwa kwaya inayopiga kila Jumapili, mahali ambapo valvu ya kubadilisha haipatikani dukani, mimi sishauri. Mpelekee fundi wa kusuka mota na transfoma aisuke upya: upande wa kuingilia 230, upande wa kutokea 210-0-210. Umeme wa ukutani ukiwa 230 utapata kilele cha volti 297. Ukiwa 241 utapata 311 wakati valvu ni baridi, kisha zitashuka chini ya 300 valvu zikishaanza kuvuta. Ukiwa 212 utabaki na 274, na sauti itapungua kidogo tu. Mwombe aweke karatasi ya kuhami kati ya kila tabaka la waya, maana hapo ndipo transfoma nyingi zilizosukwa upya hupigia shoti.

Usisahau nyuzi za kupasha joto zilizo ndani ya valvu, zinazotumia ule upande wa 6.3. Kila EL84 huvuta ampea 0.76 na kila ECC83 ampea 0.3, jumla ampea 2.12, kwa hiyo waya wa upande wa 6.3 usukwe kubeba ampea 3. Kwa transfoma uliyo nayo sasa, alfajiri zingepata volti 6.9, ukingoni kabisa mwa asilimia 10 inayoruhusiwa. Ikisukwa kwa 230 zitapata 6.6.

ECC83 zinatosheka na volti 250. Kila ECC83 ina valvu mbili ndani ya kioo kimoja, hivyo zako mbili zina nusu nne, na kila nusu huvuta takriban miliampea 1, hivyo kushusha volti 40 kwa miliampea 4 kunahitaji rezista ya kiloohmu 10, ikifuatiwa na kapasita yake ya kuchuja mngurumo.

Jambo la mwisho nimelijua kwa mkono wangu. Nikiwa kijana karakanani Tabora, nilichomoa plagi, nikanywa chai, nikarudi na bisibisi. Kapasita ilikuwa bado imejaa, cheche ikala ncha ya bisibisi na mkono ukafa ganzi hadi kwenye kiwiko. Funga rezista ya kiloohmu 220 ya wati 2 sambamba na kapasita ya kwanza, nayo itamwaga chaji ndani ya dakika chache. Hata hivyo, kila mara weka multimita kwanza, mkono mmoja ukiwa mfukoni, na usiguse waya wowote kabla haijasoma chini ya volti 20.