Mtoto kateguka enka, bibi kamchua, mguu ndo umezidi kuvimba

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 12, Jumamosi alikuwa anacheza chandimu hapa mtaani akakanyaga shimo mguu ukapindia kwa ndani. Bibi yake akachemsha maji ya chumvi akamkanda, akamchua kwa nguvu kabisa, kufika asubuhi umeumuka kama andazi. Leo siku ya nne anatembelea vidole, usiku nampa asprini apate usingizi. Majirani wanasema kateguka tu, kuna mzee anavuta mifupa inarudi, nimpeleke? (Mama K, Mbagala)

JIBU: Marahaba mama K, pole sana na kijana mpe pole. Kwa huyo mzee usimpeleke, nakuomba kabisa, kesho asubuhi nendeni hospitali yenye eksirei. Sababu ni hii: mtu mzima akipinda enka mara nyingi zinaumia zile kamba zinazoshika mfupa na mfupa, ila mtoto bado anakua, karibu na ncha ya mfupa wake kuna sehemu ya gegedu ambapo mfupa ndo unarefukia, na hapo pana udhaifu kuliko hata hizo kamba, kwa hiyo kwa nje unaona kateguka kumbe pameachia hapo. Sasa mtu akija kuvuta na kuchua anaweza kupasogeza, na pakiharibika mfupa unaweza kukua umepinda au mguu mmoja ukabaki mfupi. Na eksirei wakati mwingine haionyeshi kitu, daktari anajua kwa kubonyeza.

Hata wewe jaribu leo. Kile kinundu cha mfupa pembeni ya enka, cha nje na cha ndani, bonyeza taratibu na kidole gumba upande wa nyuma. Akishtuka kwa maumivu juu ya mfupa wenyewe, au akishindwa kukanyaga hatua 4, hiyo sio ya kusubiri.

Bibi usimgombeze, amefanya kwa upendo. Ila siku 2 au 3 za mwanzo damu bado inavujia ndani, na maji moto na kuchua vinaongeza uvimbe. Siku hizo ni baridi tu: barafu ifunge kwenye kanga, dakika 15 mpaka 20, urudie kila baada ya masaa 2 au 3 akiwa macho, hata zile barafu za ukwaju za jirani zinafaa ila usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Bandeji ya kuvutika ikaze kiasi, vidole vikiwa vya baridi au vina ganzi legeza, na akilala mguu ukae juu ya mito.

Asprini acha leo hii mama. Kwa watoto chini ya miaka 16 inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini, hautokei mara nyingi lakini ukitokea unaua. Mpe paracetamol kwa kipimo cha kilo zake.

Na hata wakisema mfupa mzima, asirudi uwanjani mpaka aweze kurukaruka kwa mguu huohuo mmoja bila kuumia. Maumivu yakishapungua awe anasimamia mguu huo mmoja wakati anapiga mswaki, unampa balansi asije akapinda tena palepale.

SWALI: Dokta mimi ni kocha wa shule ya msingi Morogoro, tunajiandaa na UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Vijana wangu wawili, miaka 10 na 11, visigino vinawauma kila baada ya mazoezi, wazazi wanasema wanadeka. Mwingine juzi waligongana vichwa, akakaa pembeni dakika kumi akasema yuko fresh nikamrudisha, nilikosea?

JIBU: Hawadeki kocha. Umri huo mfupa wa kisigino bado unakomaa na ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu unauvuta kila wakikimbia na kuruka. Hawajavunjika, punguza mbio na kuruka, barafu baada ya mazoezi, wanyooshe misuli ya nyuma ya mguu, na ndani ya kiatu waweke kitu laini kisiginoni. Mfupa ukikomaa yanaisha.

Hilo la kichwa ndo limenitisha. Ndio, ulikosea, mtoto akigonga kichwa akawa na kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kichwa kumuuma, siku hiyo hachezi tena hata aape, mana akigongwa tena ubongo haujapona inaweza kuwa hatari kubwa. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia mpaka kuamka shida, akipata degedege au maji yakimtoka puani au sikioni, ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Huyo wako mpigie mama yake sasa hivi umuulize amelalaje na kama kichwa bado kinamuuma, usisubiri mazoezi ya kesho.