Sailensi haikai: usikimbilie kuipandisha

Mkuu, umesema pikipiki yako ya 125 inazima ukiachia mafuta, ukivuta choki inatulia, na fundi kakupandishia sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa umeachia mafuta, mpaka inaunguruma ukiwa umesimama. Yangu ilinisumbua hivyohivyo karibu mwaka mzima hapa Tanga, nikichoma petroli bure.

Hiyo choki imeshakupa jibu. Kazi yake ni kubana hewa, kwa hiyo injini ikitulia choki ikiwa imevutwa, ujue ilikuwa inakosa petroli. Kabureta, inayochanganya hewa na petroli, ina jeti mbili, vipande vyenye tundu la kupitisha petroli, na kwenye sailensi jeti kubwa bado imelala. Petroli inapita kwenye jeti ndogo, yenye tundu jembamba mno. Ukipandisha sailensi unainua tu pistoni ya kabureta. Ugonjwa unabaki palepale.

Nilipoifungua yangu nyumbani Makorora, chini ya bakuli la kabureta kulikuwa na tone la maji limekaa kama shanga, na unga mwekundu wa kutu pembeni yake. Upepo huu wa bahari, pikipiki inalala nje, halafu nilizoea kununua mafuta ya chupa njia ya Pangani. Nikachomoa jeti ndogo, nikaielekeza juani: giza. Nikailoweka kwenye petroli, nikapitisha uzi mmoja laini wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme, kisha nikaenda kuipulizia upepo kwa mtu wa pancha. Waya wa chuma usiuguse, utapanua tundu. Nikaielekeza tena juani, safari hii nikaona nukta ya mwanga, mviringo kabisa. Nilifurahi kama mtoto.

Ndipo sasa useti. Endesha kama dakika 10 injini ipate moto, uizime. Funga skrubu ya hewa, ile ya kabureta inayopanga mchanganyiko wa hewa na petroli, mpaka iguse, na iguse tu. Fundi wangu wa kwanza aliikaza kwa nguvu. Nilipoitoa, ncha ilikuwa imechorwa pete, na haikushika mpangilio tena mpaka niliponunua nyingine. Ikishagusa, fungua mzunguko mmoja na nusu, washa, kisha igeuze robo robo, kila robo usubiri na kusikiliza. Kuna mahali mlio unapanda wenyewe na kunyooka. Ukipapita unaanza kudunda. Rudi hapo, kisha ushushe sailensi kwa skrubu yake. Injini za aina ya CG125 zinataka mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Rudia skrubu zote mbili mara moja tena, maana ukigusa moja nyingine inabadilika.

Hapa wengi wanapotea: skrubu ya hewa ikiwa upande wa chujio la hewa, kuifunga kunaongeza petroli kwenye mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini, kuifunga kunaipunguza. Angalia iko wapi kwanza.

Ukipiga resi na kuachia, mlio ukachelewa kushuka, shuku hewa inayoingia kwa wizi. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Mlio ukibadilika, mpira umepasuka. Valvu zilizobana nazo zinaua sailensi: kwa CG125 nafasi yake ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi.

Na kama unapanda Lushoto, usishangae. Niliseti vizuri huku pwani, nikapita Mombo na Soni, kule juu zaidi ya mita 1,300 ikaanza kudunda na plagi ikawa nyeusi. Hewa ya kule ni nyepesi, petroli inazidi. Nilirekebisha skrubu kidogo kuelekea upande wa hewa, ikatulia, na niliporudi Tanga nikairudisha.

Anza na jeti. Ukiikuta safi na bado inazima, hesabu skrubu ya hewa ilikuwa imefunguliwa mizunguko mingapi kabla hujaigusa, uniambie pamoja na rangi ya plagi.