Mleta mada, hapo kwenye alama za tairi simama kwanza

Mkuu, umeuliza tairi za AT (za njia mchanganyiko) au MT (za matope), dizeli ya akiba ibebwe kiasi gani, kambi ipi nzuri, na kama Prado yako itatoka Mto wa Mbu mpaka Engaresero, kule Ziwa Natron, mwezi wa 4. Halafu mwishoni ukaandika: "Makorongo hayanipi shida, nitafuata alama za tairi za waliotangulia." Hayo mengine yasubiri. Maneno kama hayo ya alama za tairi hata mimi niliambiwa, na pesa niliyokuwa nimetenga kwa kiwanja Kisongo ikaishia kwenye injini.

Alama za tairi zinakuonyesha kwamba mtu aliingia. Kama alitoka, hazisemi.

Ilikuwa masika, tumeshapita Engaruka. Nimempakia jamaa mmoja anayejisifu kwamba njia ile anaijua kuliko wenyeji. Tukafika korongoni, maji ya kahawia yanapita, kwa kuyatazama si mengi, na alama mpya kabisa za roli zimeshuka ukingoni zikazama majini. Nikafungua mlango nishuke nikaangalie. Jamaa akacheka: "Roli zima limepita hapa, wewe na 4x4 unaogopa nini?" Nikafunga mlango, nikashusha gari.

Roli halikuwa limepita. Lilinasa katikati, watu wakalichimba, likavutwa kinyumenyume likarudi lilikotoka. Haya tulikuja kuambiwa baadaye na vijana waliokuwa wanachunga ng'ombe ng'ambo. Shimo walilochimba lilibaki palepale chini ya maji, na maji yenye matope vile hayakuonyeshi hata kidole chako ukikichovya. Pua ya Prado ikatumbukia, maji yakapanda boneti mpaka kwenye waipa, injini ikazima.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Wakati ule gari lilikuwa bado linaokoleka. Injini ikizima majini ikiwa inazunguka polepole, mara nyingi inapona. Kinachoimaliza ni mkono unaokimbilia ufunguo. Jamaa akaanza kelele: "Piga stata! Piga, dizeli haiogopi maji!" Nikapiga. Ikalia *ko!* ikagoma. "Piga tena!" Mara hii ikashika sekunde moja, ukasikika mgongano wa chuma humo ndani, kisha kimya.

Kwa fundi, injini ilipofunguliwa, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi akatoa konrodi, yaani vile vyuma vinavyoshika pistoni, akazilaza moja moja juu ya kioo cha dirisha. Ya kwanza ikatulia, ya pili ikatulia, ya tatu ikawa inayumba ukiigusa kwa kidole. Imepinda. Na ilipopinda, pistoni yake ikakwangua ukuta wa silinda. Wenye kucheka chekeni, bili niliilipa mimi.

Huo usemi wa "dizeli haiogopi maji" umeua injini nyingi kwa sababu una nusu ya ukweli ndani yake. Dizeli haina cheche ya kulowana kama petroli, hilo kweli. Lakini injini yoyote inavuta hewa, na kwenye magari mengi mdomo wa kuvutia hewa uko ndani ya madigadi, karibu na taa ya mbele. Maji yakifika hapo yanaingia kwenye silinda. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Ukipiga stata, silinda moja ikiwaka inaisukuma ile yenye maji kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa maji hayana pa kwenda, kinapinda chuma. Dizeli ndiyo inaumia zaidi kwa sababu nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo mno.

Kwa hiyo ukizimikiwa majini: acha ufunguo. Vutwa mpaka pakavu. Fungua chujio la hewa. Likiwa limelowa, usiwashe kabisa. Fundi atoe nozo au plagi za kupasha joto, azungushe injini taratibu ili maji yatoke juu, abadilishe oili na chujio lake. Hiyo gharama unaimudu.

Na hawa washauri wa kiti cha pembeni! Anakuamrisha kama anayelipia bima, gari likifa anasimama ukingoni anatafuta mtandao apige simu afuatwe. Huyu wangu mpaka leo akisimulia anasema gari "lilikuwa na shida yake". Wapo pia wanaorusha video gari linapasua maji yanaruka pande zote, watu mnashangilia. Hawakuonyeshi kama kuna mtu alitangulia kupima kwa miguu.

Kanuni yangu ni hii, na sitaki unijibu kwamba una snokeli, lile bomba la kuvuta hewa kutoka juu usawa wa paa: zima gari, shuka, shika fimbo, vuka kwa miguu mpaka ng'ambo kwenye mstari uleule tairi zitakapopita. Piga fimbo chini kila hatua. Ukifika ng'ambo angalia ukingo wa kutokea, maana mafuriko yanaukata ukabaki ukuta wima. Tafuta alama za tairi *zinazopanda* kutoka majini. Kama hazipo, jiulize gari lile liko wapi. Na kama maji yanaenda kasi hata unaogopa kuingia kwa miguu, jibu umeshalipata: kaa, subiri yapungue. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani inaonya kwamba maji yanayotembea yenye kina cha sentimeta 60 yanaweza kubeba magari mengi, hata haya marefu tunayojivunia. Land Rover Defender ya zamani yenyewe watengenezaji waliipa kina cha sentimeta 50 tu.

Usidanganywe na jua pia. Mvua inanyesha kule juu Ngorongoro, wewe huku bondeni unafuta jasho, na korongo lililokuwa kavu asubuhi mchana linanguruma. Ndiyo maana hata korongo kavu usisimamishe gari ndani yake kupiga picha.

Tairi, chukua AT. Kwenye mchanga na majivu ya Lengai, ule mlima wa volkano, shusha upepo mpaka PSI 18 hivi, ubebe pampu ya kuurudishia. Dizeli na kambi watakujibu wengine.

Mimi nijibu hili: jembe na kamba ya kuvutia unazo, na gari la pili mnaloongozana nalo lipo? Kama unaenda peke yako mwezi wa 4, sogeza safari mpaka mwezi wa 7.