Uswisi: acheni kuzidisha mshahara kwa shilingi

Swali ni lile lile kila mwaka kwetu tunaoishi Uswisi: kwa nini hamtumi pesa zaidi? Ila safari hii limekuja na hesabu: msafishaji wa hoteli Zürich analipwa faranga 4,000 kwa mwezi, zigeuze ziwe shilingi uone mamilioni, kwa hiyo ndugu yenu wa Uswisi akisema hana, ni mchoyo au kasahau kwao. Nimechoka na hesabu hiyo. Inavunja undugu, na kuna vijana wanaouza mashamba ya wazazi wao kwa sababu wameiamini.

Milima, theluji na treni zinazofika kwa dakika mnazijua. Tuzungumze pesa.

Hizo 4,000 si uongo. Geneva wananchi walipiga kura mwaka 2020 wakaweka kima cha chini cha faranga 23 kwa saa, na sasa kimepita 24. Kosa ni kuzidisha kabla ya kutoa. Mfuko wa uzeeni, ulemavu na likizo ya uzazi unachukua asilimia 5.3. Bima ya kukosa kazi asilimia 1.1. Unafuata mfuko wa pensheni wa kazini, bima ya ajali, na kodi ya mapato ambayo kwa mgeni asiye na kibali cha C, yaani cha ukaazi wa kudumu, inakatwa moja kwa moja na mwajiri. Mtu asiye na mtoto atapokea mkononi kiasi cha 3,300. Sasa shika kalamu. Chumba kimoja na jiko, ukibahatika sana Zürich, 1,300. Bima ya afya 400, na wengi wanalipa zaidi. Chakula cha kupika nyumbani 450. Tiketi ya mwezi ya tramu 90. Simu na intaneti 60. Umeme pamoja na ada ya redio na televisheni, ambayo kila kaya inalipa hata kama haina televisheni, 60. Bima ya kufidia utakachoharibu cha wengine 20. Viatu vya baridi, koti, meno, weka 150. Zimebaki 770. Na bado hamjaniuliza akiugua.

Bima ya afya ni lazima kwa kila anayeishi nchi hii. Una miezi mitatu ya kujiandikisha, lakini utalipishwa kuanzia siku uliyoingia, kwa hiyo anayechelewa anaanza maisha na deni la miezi mitatu. Halafu kuna kiasi unachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa: mtu mzima anachagua kuanzia faranga 300 hadi 2,500 kwa mwaka. Ukichagua 2,500 malipo ya mwezi yanashuka, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Wanachagua 2,500, ile tofauti wanaituma nyumbani, kisha figo inauma usiku mmoja. Faranga 2,500 za kwanza ni zako. Inayozidi unachangia asilimia 10 mpaka zifike 700. Jumla 3,200, na faranga 15 kwa kila siku ya kulala hospitali. Gari la wagonjwa bima inalipa nusu tu, na isizidi 500 kwa mwaka. Meno ya kawaida hayamo kabisa.

Ushauri wangu kwa aliye mzima wa afya: chagua hiyo hiyo 2,500, lakini weka faranga 208 kila mwezi kwenye akaunti usiyoigusa, hata mjomba akilia. Mwenye ugonjwa wa kudumu achague 300, bila kusikiliza ya mtu. Huduma za bima ya msingi ni zile zile kisheria kwa kampuni zote, kwa hiyo nenda kwa iliyo rahisi, na barua ya kuhama iwe imeifikia kampuni ya zamani ifikapo Novemba 30. Mwenye malimbikizo haruhusiwi kuhama. Na ombeni ruzuku ya bima kwenye kantoni, yaani mkoa, mnakoishi! Ipo kwa wenye kipato kidogo, na kantoni nyingi hazikupi usipoomba. Kuiacha kwa aibu ni kutupa pesa.

Kwa hiyo 770 ukitoa 208 zinabaki kama 560. Humo ndimo zimo ada ya shule, dawa za presha za mama, michango ya msiba na harusi, na bati la nyumba. Anayetuma 300 kila mwezi kutoka hapo ametoa zaidi ya nusu ya alichobakiwa nacho.

Mtasema: basi ajibane, akose kulipa bili moja, ailipe mwezi ujao. Huku bili haisogezwi hivyo, na hili ndilo ninalotaka mlielewe kuliko yote.

Bili inakuja kwa posta au barua pepe. Chini yake kuna msimbo wa mraba wenye msalaba mdogo katikati, unaupiga kwa simu unalipa. Mara nyingi una siku 30. Zikipita, inakuja barua ya kukumbusha, kisha ya pili yenye ada juu yake. Kisha anayekudai anakwenda ofisi ya madeni na kufungua dai rasmi. Wanaosema Kijerumani huku wanaliita Betreibung, upande wa Kifaransa poursuite. Ofisi haiulizi ushahidi. Hata anayekudai kwa uongo anaweza kulifungua. Unaletewa amri ya malipo mkononi, na kuanzia siku hiyo una siku 10 tu. Kama hudaiwi, au kiasi si sahihi, andika pale pale kwenye karatasi neno Rechtsvorschlag, au opposition ukiwa Geneva na Lausanne. Ni bure, hutoi sababu, na anayekudai lazima aende mbele kuthibitisha. Ukikaa kimya siku 10 zikapita, umemfungulia njia. Zikitimia 20 tangu upokee amri, anaweza kuomba ukamatiwe mshahara.

Kukatwa huko si kidogo. Mtu mmoja anaachiwa faranga 1,200 za kuishi, ikiongezwa kodi ya nyumba, nauli ya kazini na bima ya afya. Bima yenyewe inahesabiwa kama kweli unailipa. Vyote vya juu vinachukuliwa, mpaka mwaka mzima, na mwajiri anaandikiwa barua. Pesa anayotumiwa mama kijijini haimo kwenye hesabu yao. Aliyekosa kulipa bima ya 400 ili atume ada, mwisho hatumi hata ya chumvi.

Na dai linabaki kuonekana kwenye daftari la madeni miaka mitano. Daftari hilo ndilo mlango wa kila kitu mjini. Ukitafuta nyumba, hakuna dalali wa kukutembeza kama Sinza au Kawangware. Unatuma maombi pamoja na fomu, nakala ya kibali, karatasi za mshahara za miezi mitatu, na dondoo ya daftari la madeni ambayo haijapita miezi mitatu. Dondoo inagharimu faranga 17. Mwenye nyumba anataka kodi isizidi theluthi ya mshahara. Zürich nyumba zilizo tupu hazifiki hata moja katika kila 100, kwa hiyo anayekagua maombi hatafuti sababu ya kukuchukua, anatafuta sababu ya kukuondoa kwenye rundo. Mstari mmoja kwenye dondoo unamtosha. Ukipewa nyumba, unaweka dhamana ya mpaka kodi ya miezi mitatu katika akaunti iliyofungwa kwa jina lako. Ni pesa yako. Zipo kampuni za kukudhamini kwa ada ya kila mwaka badala ya kuweka hizo pesa. Ada hiyo hairudi, iepukeni mkiweza. Na asiwepo mtu wa kulipa chochote kwa nyumba asiyoiona kwa macho, matapeli wamejaa.

Jihadharini pia na idadi ya vyumba. Zürich na Bern sebule inahesabiwa ni chumba, na ile nusu ya "vyumba viwili na nusu" mara nyingi ni kisehemu cha kulia chakula. Geneva wanahesabu na jiko, kwa hiyo vyumba vitatu vya Geneva ni vyumba viwili vya Bern. Msimwambie mtu "una vyumba vitatu, mpokee binamu". Binamu anahitaji viza, bima na kitanda, na mkataba una idadi ya watu.

Kosa dogo linalowaangusha wengi ni jina kwenye sanduku la barua. Anayepanga chumba ndani ya nyumba ya mwingine anaogopa kubandika jina lake. Posta haiachi barua pasipo na jina, inairudisha. Bili zinapotea, dai linafunguliwa, na wewe huna habari. Bandika jina siku ya kwanza, jisajili manispaa ndani ya siku 14, na hakikisha mwenye nyumba ameridhia upangishwe. Ukiona karatasi ya posta kwamba kuna barua ya kusaini, nenda kaichukue. Una siku 7, na usipokwenda sheria inaweza kukuhesabu umeipokea. Kujificha mlangoni hakumsaidii mtu.

Faini ya tramu ni hivyo hivyo. Kukamatwa bila tiketi ni faranga 90 au zaidi. Ilipe wiki hiyo hiyo, usiiache ikapanda ngazi. Takataka, isipokuwa Geneva, zinakwenda kwenye mifuko maalumu ya manispaa inayouzwa dukani, na ukitumia mfuko wa kawaida wanaufungua kutafuta barua yenye jina lako. Tena faini. Jiji dogo lina macho mengi. Kufua nguo ni zamu, mashine ipo chini ya jengo, na Jumapili usiiwashe. Hayo ya kufua unayazoea. Deni huzoei.

Ambaye tayari ana mstari kwenye daftari asikate tamaa. Mpigie anayekudai, lipa, kisha mwombe kwa maandishi aliondoe dai. Kulipa peke yake hakufuti, lazima yeye aliondoe. Kama ulipinga dai na ikapita miezi mitatu bila yeye kwenda mbele, omba ofisi isilionyeshe kwa wengine. Ada yake ni faranga 40. Na kama huna cha kulipa bili, piga simu kabla ya tarehe uombe kulipa kwa mafungu. Wengi wanakubali. Wanachokikataa ni ukimya.

Sasa karatasi, kwa sababu kila mmoja anauliza "nije vipi". Kwa anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi za EFTA (Uswisi yenyewe, Norwe, Aislandi na Liechtenstein), serikali imekuwa ikitoa nafasi 8,500 kwa mwaka, za dunia yote hiyo ukiacha Uingereza yenye nafasi zake, na mwajiri lazima aonyeshe kwamba hakupata mtu hapa wala Ulaya. Nafasi hizo ni za wataalamu. Hakuna kibali cha kazi cha kumtoa mtu Mwanza au Kakamega aje kusafisha hoteli. Mnaowaona wanasafisha waliingia kwa ndoa, kwa kuungana na familia, kwa ukimbizi au kwa masomo. Anayekuuzia mkataba wa usafi Uswisi ni mwizi, hata kama ni wa kanisani kwenu. Na mwanafunzi wa kutoka kwetu haruhusiwi kufanya kazi miezi sita ya mwanzo, kisha saa 15 tu kwa wiki muhula ukiendelea. Hawezi kujilipia ada na kujenga kwao.

Kibali cha B, cha ukaazi wa muda, kwa kawaida kinahuishwa kila mwaka. Wanaangalia kama umechukua msaada wa ustawi wa jamii, wanaangalia madeni. Kibali cha C kwa kawaida kinasubiri miaka 10. Kwa hiyo ndugu yenu anapokataa kukopa benki ili kaka anunue bodaboda, anakilinda kibali kinachomlisha yeye na kuwalisha ninyi.

Je, msije? Mwenye nafasi ya masomo yenye ufadhili kamili, njoo, tena haraka, shule zao ni nzuri mno. Fundi mwenye kazi yake Dodoma na nyumba ya kuishi, kaa kwako, nakusihi. Mwenye mchumba huku, jifunze Kijerumani au Kifaransa kabla ya ndege. Kama mchumba ni mgeni mwenye kibali cha B au C, watakutaka uwe na kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, au uwe umejiandikisha darasani, na bila lugha hata amri ya malipo hutaisoma.

Na mnaoishi huku, anayerudi moja kwa moja asiache haki yake. Nchi zetu za Afrika Mashariki hazina mkataba na Uswisi wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo aliyechangia mfuko wa uzeeni angalau mwaka mmoja anaweza kuomba arudishiwe michango hiyo akishahama kabisa, na pensheni ya kazini vilevile. Fomu ijazwe na namba ya bima itunzwe. Wapo waliorudi bila kudai.

Hatujawasahau. Anayetuma 300 kwenye 560 hajamsahau mtu. Ila tusaidieni kupanga. Tumeni karatasi ya ada yenye akaunti ya shule, tulipe shule moja kwa moja. Mgonjwa akilazwa, tumeni kiasi na jina la hospitali, msitume "piga haraka" saa nane usiku kwa mtu anayeamka saa kumi kwenda kufanya usafi. Mshahara wa 13, kwa wanaoupata, unaingia Desemba, au nusu Juni na nusu Desemba, na mara nyingi ndio unaolipa kodi ya mapato iliyobaki na nauli ya kuja kuwaona. Kwa hiyo ada ya Januari tuambieni Septemba. Mkituambia Januari tarehe 5, jibu litakuwa hapana, na msikasirike.